Kadi ya bima ya afya ya 30,000 ilikufa Januari, mama akapoteza kidole: tatizo si bei, ni siku ya kulipa

Mamalishe Stendi (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Miaka yote humu mimi ni msomaji tu, napita kimya kimya. Leo nafungua uzi kwa sababu jambo hili limenikaa kooni tangu Januari. Ni refu. Mwenye haraka apite, mwenye chai avute kigoda.

Nauza chakula stendi hapa Morogoro mjini. Mama yangu ana miaka 67, yuko kijijini huko bondeni, analima mpunga na kulea wajukuu watatu. Ana kisukari, huu mwaka wa saba. Tangu 2021 tunamkatia CHF iliyoboreshwa, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kwetu ilikuwa 30,000 kwa kaya isiyozidi watu sita kwa mwaka. Sitaki mtu aje hapa aiponde kadi hiyo kwa kusikia. Miaka yote hiyo imemtibu. Dawa za sukari alikuwa anapata kituo cha afya, zikikosekana anapewa rufaa, wajukuu wakiugua malaria wanatibiwa humo humo.

Kadi iliisha tarehe 11 Januari. Nilijua. Nilikuwa nimeiandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Lakini Januari mnaijua nyie wenyewe. Wajukuu watatu: sare, madaftari, viatu. Shamba nalo linataka trekta, na trekta halilimi kwa mkopo. Hela yangu ipo, 180,000, imelala kikobani na tunavunja Juni. Nikajisemea tutalipa Februari, mwezi mmoja una nini?

Tarehe 29 mama akakanyaga kisiki shambani. Hakusikia. Wenye wagonjwa wa sukari mtanielewa, miguu inakuwa kama ya mtu mwingine. Alikuja kujua jioni, alipovua ndala akakuta damu imeganda kati ya vidole. Akaosha kwa maji ya chumvi, akafunga kipande cha khanga, akanyamaza. Alinyamaza siku kumi na moja kwa sababu alijua kadi imekufa, na alijua mimi sina. Aliyenipigia ni jirani: "Dada, njoo, mama yako mguu unanuka."

Hospitali ya wilaya siitaji, na wala sina ugomvi nao. Binti wa dirishani hakuwa na kiburi, aligeuza kioo cha kompyuta nikaona mwenyewe, maandishi mekundu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hii imeisha mwezi uliopita." Nikasema huyu ni mzee, wazee si bure? Akaniuliza kitambulisho cha mzee. Kijijini majina yaliandikwa, vitambulisho mpaka leo tunavisikia tu. Basi faili na kumuona daktari hatukulipa, na kwenye foleni tulipishwa, hilo nashukuru. Vingine vyote nikapewa kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini.

Mimi ni mtu wa daftari, kila sahani ya mkopo naiandika. Nikafungua ukurasa mpya. Boda na Noah, 27,000. Glovu, pamba, bandeji na spiriti, 11,500. Picha ya mguu, 15,000. Maabara, 12,000. Sindano za siku saba ambazo dirisha la dawa walisema zimeisha tukanunue nje, 84,000. Chakula chetu siku tisa, 45,000. Jumla 194,500. Siku tisa za meko kuzimwa sikuziandika, maana sikujua niziandike kwenye safu gani.

Kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilikatwa. Daktari alisema tungefika wiki ya kwanza kingesafishwa tu.

Kwa hiyo nilikosa 30,000 mwezi wa kwanza, nikapata 194,500 mwezi wa pili. Nilizipataje? Nimekopa kwa mama muuza mkaa, nimeuza jiko la gesi, na mdogo wangu kaweka simu rehani. Hela ya ugonjwa hupatikana, ya kadi haipatikani. Hapo ndipo akili yangu imegoma. Sisi wengine si kwamba hatuwezi 30,000. Hatuwezi 30,000 *siku ile*. Kwa nini kadi ilipwe yote kwa mkupuo, na kwa nini tarehe yake iangukie Januari mpaka kiama kwa sababu tu mara ya kwanza tulijiandikisha Januari?

Nawasilisha.

---

Kinyozi wa Kihonda

Pole sana dada, na mpe pole bibi. Nimekaa hapa kwenye kiti changu mwenyewe nasubiri wataalamu.

---

Bwana Ukweli Mchungu

Pole kwa mgonjwa. Ila tuambizane ukweli. Thelathini elfu kwa mwaka ni shilingi 82 kwa siku. Huko huko vijijini vijana wanabeti buku kila asubuhi, wazee wako kilabuni, vocha hazikosi. Kipaimara kikifika mbuzi wawili wanalala chini. Afya ndiyo inakuwa "serikali itusaidie". Watu wanapanga vibaya, halafu tunafungua uzi.

---

Mamalishe Stendi

Mkuu Ukweli Mchungu, hesabu yako ya 82 kwa siku ni nzuri ila haipo duniani. Nioneshe dirisha linalopokea shilingi 82. Lingekuwepo mama yangu angelipa mpaka 2040. Anayebeti buku anabeti kwa sababu yule anapokea buku, saa yoyote, kwa simu, hata saa nane usiku. Kadi ya afya nayo ingepokea buku tungeona nani mpangaji mbaya.

Na mama yangu habeti, kama hilo linasaidia.

---

Shabiki Sugu

Hahaha "tungeona nani mpangaji mbaya". Ukweli Mchungu umepigwa chenga na mama ntilie.

---

Nesi wa Zamu

Naandika kama mtu wa ndani, kituo sikitaji wala mkoa.

Hilo la "dawa zimeisha, nunueni nje" nataka nilieleze, maana huwa tunatukanwa sisi wa dirishani. Kituo cha serikali kinaagiza dawa Bohari ya Dawa, MSD. MSD wakikosa, tunaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa, ule mfumo wa Jazia ulioanzia Dodoma 2014 na sasa uko nchi nzima. Sasa mshitiri anataka hela, na hela inatoka kwenye makusanyo ya kituo: anayelipa taslimu, madai ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), madai ya CHF. Kwa mgonjwa wa msamaha, yaani wa kutibiwa bure, kituo hakipati kitu. Sisemi asitibiwe. Sera inasema mtoto chini ya miaka mitano bure, mjamzito bure, mzee wa miaka 60 asiye na uwezo bure, na mimi mwenyewe bibi yangu ni wa humo. Lakini hakuna anayekuja mwisho wa mwezi kusema "mmetibu wazee mia nne, hii hapa fidia yao". Wanatumia dawa zilizonunuliwa kwa hela ya wale wanaolipa. Kituo chenye wazee, watoto na wajawazito wengi, yaani kituo chochote cha kijijini, ndicho rafu zake zinakauka kwanza.

Angalia dawa za TB na za kupunguza makali ya VVU. Hizo zina fungu lake, zinakuja zimeshalipiwa, na huwezi kusikia mgonjwa wa TB kaambiwa akanunue duka la dawa muhimu. Sukari na presha hazina mwenyewe.

Dada, mama akipona vizuri, mfundishe kukagua miguu kila jioni kwa kioo kidogo. Kile cha kuwekea wanja kinatosha. Akiweke sakafuni, ainue mguu juu yake bila kukigusa, aangalie unyayo. Na shambani asiende na ndala, avae buti za mpira zenye soksi.

---

Mamalishe Stendi

Nesi, Mungu akubariki. Miaka saba ya kisukari hakuna aliyewahi kumwambia habari ya kioo. Nampigia sasa hivi.

---

Babu wa Igunga

Vijana, wengine tuliokula chumvi tumeziona zama zote. Baada ya Azimio la Arusha matibabu yalikuwa bure, na 1977 hospitali binafsi za kibiashara zikapigwa marufuku kabisa. Zilibaki za serikali na za dini. Uchumi ulipolala, bure ikabaki jina: unaenda zahanati unakuta klorokwini na mganga amekaa anatazama ukuta. 1991 binafsi zikaruhusiwa tena, 1993 ukaja uchangiaji, hospitali kubwa kwanza halafu ukashuka ngazi kwa ngazi. Hiyo kontroo namba ya leo ni mjukuu wa risiti ya 1993.

CHF yenyewe ilianza kwetu Igunga, 1996. Sheria ya CHF ilikuja baadaye, 2001. Sasa nisikilizeni, na ndilo lililonifanya niandike maana dada huyu amegusa penyewe. Marehemu baba yangu alikuwa mkulima wa pamba. Alilipa kadi ile siku alipopokea hela ya pamba, kabla hajafika nyumbani. Alikuwa akisema hela ya pamba ikilala usiku mmoja ndani ya nyumba inaota miguu. Mwaka ambao mnunuzi alichelewa kulipa, hatukuwa na kadi, wala baba hakuwa mvivu mwaka huo kuliko mwaka uliotangulia. Kadi ilikwenda na pamba.

Leo wanauliza kwa nini watu hawajiungi upya. Waulize wamewatembelea mwezi gani.

---

Mwandikishaji Mstaafu

Babu umeniita bila kunitaja. Nimeandikisha CHF iliyoboreshwa tangu inaanza 2018 mpaka juzi nilipoacha.

Kazi ilikuwa hivi: nina simu janja, napita nyumba kwa nyumba, naandika majina, napiga picha kila mwanakaya, nalipwa kamisheni kwa kaya. Sasa mtu wa kamisheni anaenda wapi? Anaenda palipo na hela. Msimu wa mavuno tunagombania vijiji kama wachuuzi wa nyanya. Masika ikianza hakuna anayewasha pikipiki, utachoma mafuta ya 8,000 kuandikisha kaya moja. Matokeo yake aliyejiunga Julai anakumbushwa Julai, aliyejiunga Januari kwa bahati mbaya anakumbushwa na kisiki. Pole dada.

Lakini nikupe la kukusaidia. Mwaka wa kadi unahesabiwa tangu siku uliyolipa, kalenda ya serikali haihusiki. Kadi yako ilishakufa, basi usilipe kwa hasira mwezi huu halafu mwakani urudi kwenye shimo lile lile. Kama mama ametulia, na kuna njia ya kumvusha miezi hii, lipeni mkishauza mpunga. Itahamia huko milele.

Najua ushauri huu ni wa hatari, unamwacha mtu bila kadi miezi kadhaa. Wengine watanipinga.

---

Nesi wa Zamu

Nakupinga mimi wa kwanza! Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda kibichi akae bila kadi mpaka Julai? Alipe sasa.

---

Mwandikishaji Mstaafu

Ndiyo maana nimesema "kama ametulia". Ila sawa, wewe ndiye unayeviona vidonda.

---

Mtoto wa Mwalimu

Hakuna hata mmoja katika familia aliyeajiriwa serikalini? Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, na kadi ya NHIF inabeba mwenza na wategemezi hadi wanne, wazazi wakiwemo. Mama yangu tumemweka kwa kaka, anatibiwa mpaka hospitali ya kanda. CHF yenu inaishia hospitali ya mkoa.

---

Mamalishe Stendi

Tumezaliwa watano. Fundi pikipiki, mkulima, dada wa kazi, mimi wa meko, na wa mwisho anatafuta. Hati ya mshahara tunaionea kwa watu.

Na hilo ndilo huwa linaniuma kidogo, usinielewe vibaya. Mwenye mshahara anakatwa kabla hajaiona hela, kila mwezi, kidogo kidogo, hana nafasi ya kusahau. Mimi nisiye na mshahara ndiye naambiwa niwe na nidhamu ya kuweka 30,000 nzima siku moja. Ungefanya mtihani huo kwa watumishi, kwamba walete wenyewe mchango wa mwaka mzima taslimu kila tarehe 11 Januari, tungeona wangapi wana kadi.

---

Bwana Ukweli Mchungu

Hapo umenikamata. Mimi ni mtumishi. Kwa mkono wangu nisingepeleka.

---

Bi Mtwapa

Hamjambo nyote. Mie niko ng'ambo ya mpaka, Kilifi, Kenya, na nimesoma mpaka nikaona ni kama mwatusema sisi.

Kwetu NHIF ya zamani ilikuwa shilingi 500 zetu kwa mwezi, asiye na ajira alipa kila mwezi kwa simu. Yalikuwa na taabu zake, lakini mama muuza samaki aliweza. Tarehe 1 Oktoba 2024 ikaingia SHA, bima mpya ya serikali. Mwajiriwa akatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Sisi wengine waulizwa maswali: nyumba ya ukuta gani, maji watoa wapi, una mbuzi wangapi, choo cha aina gani. Mashine yapiga hesabu yakwambia utoe kiasi gani, cha chini kabisa 300 kwa mwezi. Haya, 300 ni chini ya 500, twashangilia. Kumbe wataka ya mwaka mzima kwa mara moja! Ya chini kabisa ni 3,600 kwa mpigo. Na mwenye paa la mabati mapya aweza kuambiwa kubwa zaidi ya hiyo, eti mabati. Hayo mabati yangu ni ya kikundi cha kina mama, tulipeana kwa zamu.

Kwa hivyo dadangu, wazo lako la kulipa kidogo kidogo sisi tulikuwa nalo, tukanyang'anywa, na sasa ndio twasikia habari za mkopo wa kulipia bima pole pole. Mkopo! Ukope upate ruhusa ya kuugua.

Zahanati na vituo vya chini ni bure ukishajisajili, hilo nitalisema kwa haki. Tabu yaanza ukilazwa.

---

Kinyozi wa Kihonda

"Ukope upate ruhusa ya kuugua." Bi Mtwapa karibu sana, usiondoke kwenye huu uzi.

---

Dawati la Ustawi

Nimechelewa, naomba niongeze moja ambalo halijaguswa. Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Kila hospitali ya wilaya na kuendelea ina dawati letu, mara nyingi chumba cha mwisho kwenye korido, hakina foleni kwa sababu watu hawajui kinafanya nini. Wengi wanadhani ni pa ugomvi wa ndoa.

Dada, siku ile ulipopewa kontroo namba ungeweza kukataa kwa heshima ukasema "naomba kuonana na ustawi". Tungemhoji mama, tungempigia mtendaji wa kijiji. Ukiwa na barua yake yenye mhuri ni rahisi zaidi, usipokuwa nayo mgonjwa mahututi hasubirishwi barua. Msamaha unaweza kuwa wa gharama zote, au nusu, au mkapangiwa kulipa kwa awamu. Awamu, narudia, ipo, ila haijaandikwa ukutani.

Msije kesho mkaniambia tumekwenda tukafukuzwa. Wapo wenzetu wanaofukuza. Na Nesi kasema kweli, kila msamaha ninaosaini mganga mfawidhi ananiangalia kama nimemwibia, kwa sababu kwake ni dawa inayotoka bila hela inayoingia. Kuna siku nimesaini misamaha sita kabla ya saa nne asubuhi, mfamasia akaniita pembeni akaniuliza, "Leo umeamka na nani?"

Dawa ya kununua nje siwezi kuisamehe. Duka si letu. Zile 84,000 zako hata mimi ningeshindwa.

---

Mamalishe Stendi

Siku tisa nimelala kwenye korido ile. Chumba cha mwisho nilikiona, kina kibao. Nilidhani ni pa ugomvi wa ndoa.

---

Muuza Mitumba

Swali la kizembe: si kuna sheria ya bima ya afya kwa wote? Ile iliyoleta kelele?

---

Babu wa Igunga

Ipo, mjukuu. Muswada ulisomwa bungeni 2022, ikatajwa 340,000 kwa kaya ya watu sita, nchi ikawaka, ukarudishwa jikoni. Bunge likaupitisha Novemba 2023. Ndani yake kila mkazi anatakiwa awe na bima, na umewekwa mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Vyanzo vyake vilivyotajwa ni pamoja na kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha.

---

Shabiki Sugu

Kwa hiyo mkeka wangu uliochanika jana ndio utamtibu bibi? Ukweli Mchungu waache vijana wabeti jamani, wanachangia taifa.

---

Bwana Ukweli Mchungu

🤣 Nimenyoosha mikono. Lakini swali gumu liko pale pale: nani atasema huyu hana uwezo, huyu anao? Bi Mtwapa kahesabiwa mabati. Kwetu tutahesabiwa nini? Dada hapa ana 180,000 kikobani, kwenye karatasi si maskini. Na bado kauza jiko la gesi.

---

Mwandikishaji Mstaafu

Hilo nimeliona kwa macho, mkuu. Kaya za TASAF, zile zinazopewa ruzuku ya kaya maskini, angalau zina orodha. Wanaoumia ni wa juu yao kidogo tu, mwenye baiskeli na kuku kumi. Hayumo TASAF, hayumo NHIF. Orodha ya maskini hayumo na orodha ya wenye mshahara hayumo. Hao ndio walikuwa wateja wangu, na ndio waliokuwa wananiambia "rudi tukishavuna".

---

Mamalishe Stendi

Wakuu, nimesoma yote. Nimepiga hesabu ya jikoni. Wiki 50, kila wiki 600, unapata 30,000. Mia sita ni maandazi matatu. Kikoba chetu tuko wanawake 22, tunakutana kila Jumamosi, tayari tuna mfuko wa jamii wa misiba na uzazi. Jumamosi hii nitasimama niseme tuongeze sanduku la pili la kadi. Likiwa la kikundi, tarehe ya mtu ikifika kabla michango yake haijatimia, sanduku linamlipia kwanza, anaendelea kurudisha 600 zake.

Ukweli Mchungu, shilingi 82 zako kwa siku nimezipatia dirisha.

---

Nesi wa Zamu

Na mama alipiwe kwanza. Mwezi huu.

---

Mamalishe Stendi

MREJESHO (Julai)

Nilisema nitarudi.

Jumamosi ile hoja ilipita kwa ubishi. Mwenzetu mmoja, muuza mkaa yule yule aliyenikopesha, alisema yeye haumwi na hana mpango wa kuumwa. Nikafungua daftari ukurasa wa Februari nikawasomea mstari kwa mstari, nilipofika kwenye sindano akasema basi, niandikeni. Watatu walikataa mpaka leo na hatuwasemi.

Mama alilipiwa mwezi wa tatu kwa hela ya mfuko wa misiba, tukairudisha kabla hakujatokea msiba. Kwa hiyo Nesi alishinda, kadi haikuhamia kwenye mavuno. Nilimuuliza mwandikishaji wa kule kama naweza kulipa tena Julai ili isogee, akaniambia haiwezekani, labda niiache ife. Sitaiacha ife.

Kwenye picha ya kadi mama alikataa kupigwa bila kilemba, akaenda kukifuata nyumbani, mwandikishaji akasubiri robo saa juani. Kidonda kimefunga. Anatembea kwa kuegemea kushoto kidogo. Kioo cha wanja anacho, kila jioni wajukuu wanapigania nani akishike.

Kitambulisho cha mzee bado hakijafika. Nimeenda kwa mtendaji mara mbili. Mara ya pili kanionesha daftari, jina la mama limo, namba 31.

---

Dawati la Ustawi

Mwambie mtendaji akuandikie barua yenye mhuri inayotaja namba hiyo hiyo 31, uiweke pamoja na kadi. Kwenye dawati langu ningeipokea.

---

Mamalishe Stendi

Naenda Jumatatu.